Kitabu cha Pili

Mimi ni mtu wa hasira, sikatai. Kiwandani wananiita Mama Mvuke, na jina hilo hawakunipa kwa sababu ya mashine peke yake. Lakini Jumatatu ile mgeni wangu aliponiuliza swali lake, hasira haikuja. Ilikuja baridi, nikashika ukingo wa meza.

Aliuliza kwa adabu, kalamu mkononi. "Mwalimu, limebaki jambo moja tu kabla ya Ijumaa. Kitabu cha pili kiko wapi?"

"Kitabu gani cha pili?"

"Hiki cha kwanza nimekielewa," akasema, akigusa kitabu cha joto kilichokuwa wazi mbele yetu. "Asubuhi mnaandika joto linalotakiwa. Nimekuwa nikitafuta kile kingine, cha joto lililotokea."

Ngoja nieleze vizuri, maana bila hivyo hamtaona nilikuwa nimesimama ukingoni mwa shimo gani.

Sisi tunatengeneza maji ya dripu, yale ya chupa inayoning'inizwa juu ya kitanda cha mgonjwa. Chupa zikishajazwa na kufungwa zinaingia kwenye tanki la mvuke, mia nne kwa bechi moja, bechi tano kwa siku. Ndani ya tanki joto lazima lifike digrii mia ishirini na moja na likae hapo nusu saa nzima. Likipungua, vijidudu vinabaki hai, na maji yale hayapiti tumboni, yanaingia moja kwa moja kwenye damu ya mtu. Ndiyo maana kuna geji, na ndiyo maana kuna kitabu. Kila dakika tano unasoma geji, unaandika. Mistari saba kwa kila bechi.

Sasa kweli yenyewe ni hii. Sisi tulikuwa tunaandika mistari yote thelathini na mitano saa mbili asubuhi, kabla hata bechi ya kwanza haijaingia. Mwandishi alikuwa wifi yangu, dada wa mume wangu, mwenye mwandiko wa kadi ya harusi. Mwanzilishi nilikuwa mimi. Miaka tisa nyuma tulikuwa wawili kwenye kazi ya watu watano, na geji iko juu, nyuma ya tanki, mpaka upande ngazi ya chuma. Mwezi mzima niliipanda ngazi ile, na kila nikifika juu naikuta mia ishirini na moja. Nikamwambia Wifi, hili tanki halijui namba nyingine, wewe jaza tu. Baadaye watu waliongezwa, lakini mazoea yalikuwa yameshaota mizizi. Wifi akaongeza na ufundi wake, nukta mbili hapa, nukta moja pale, ili mistari isifanane.

Na mgeni aliandika yote hayo kwenye daftari lake. Hatua ya saba: joto la siku nzima liandikwe asubuhi. Hatua ya nane: mwandishi abadilishe nukta kidogo. Aliandika kwa heshima, kama mtu anayenakili maneno ya daktari wake.

Alikuja na wenzake sita, kwenye ule mpango wa kuleta mameneja na wanasayansi wa nchi nyingine wajifunze kazi kazini. Wanne walikuwa mameneja wa biashara. Hao wakapelekwa ghorofani, kwa watu wa mauzo na usafirishaji, na wiki ya kwanza walishinda wakipigana picha na magari ya kunyanyulia mizigo. Wanasayansi watatu wakagawanywa huku chini. Nilipoambiwa wa kwangu ana shahada ya vijidudu ya ngazi ya juu kabisa, nilimfuata Meneja wa kiwanda ofisini kwake nikamwambia sina nafasi ya kulea mtu mzima. Meneja akacheka. "Mama, mgeni njoo mwenyeji apone." Nikamuuliza mwenyeji anaumwa nini.

Siku ya kwanza mgeni akaniletea daftari lenye kurasa sitini. Sheria ya mpango wao, mwenyeji anasaini kila ukurasa kuthibitisha kwamba kazi inafanyika kama ilivyoandikwa. Bechi ya pili ilikuwa inasubiri kutolewa, mimi na foleni hatupatani, nikachukua kalamu nikasaini kurasa zote sitini zikiwa tupu, na tarehe ya siku ile. Alizitazama zile saini, akasema asante. Tangu hapo watu wa bechi wakaacha kumwita Daktari, wakawa wanamwita Daftari, naye akicheka kuliko wote.

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe aliliomba mwenyewe siku ya kwanza. Mtu wa miaka hamsini na kitu, mvi kichwa kizima, anasukuma makreti na jasho linamtiririka mgongoni. Kiswahili chake alijifunza miezi minne kabla ya kuja, cha kitabuni kitupu, ukimkanyaga anasema "naomba uniwie radhi". Nchini kwake walikuwa wanajenga kiwanda cha dripu cha kwanza kabisa. Kingefunguliwa baada ya miezi mitatu, na chumba cha mvuke kingekuwa chini yake. Kila Ijumaa alipiga picha kurasa zake akazituma kwa watu wake kule, wakazifanyia mazoezi. Nilimpenda yule mtu, na niliringa naye. Niliwaambia nyumbani kwamba kuna nchi nzima itachemsha dripu kwa mtindo wangu.

Basi aliponiuliza kitabu cha pili kiko wapi, nikamtazama usoni, nikatafuta dalili ya mtego. Haikuwepo. Aliamini kabisa kipo, kwa sababu hakuweza kufikiria watu kama sisi tusiwe nacho.

"Kiko kwa Meneja," nikasema.

"Vyema," akasema, akaandika. "Basi Ijumaa, nikitoa ripoti yangu, nitamwomba Meneja atuonyeshe sote."

Ulimi uliponza kichwa. Ijumaa asubuhi ndiyo ilikuwa siku ya kuwaaga wageni, na ukumbini angekuwepo Meneja, wakuu wa mpango, na mkaguzi wa afya aliyealikwa kuwapa vyeti.

Wifi nilimkuta chumba cha kubadilishia nguo, anavua kofia. Nikafunga mlango nikamweleza. Alikunja kofia mara nne.

"Wewe una mume, mwenzio sina," akasema mwisho. "Kaka yako hawezi kunilishia watoto watatu." Anamwita mume wangu kaka yangu akitaka kunikera. "Tukifukuzwa, wewe utakwenda kukaa. Mimi nitakwenda wapi?"

"Nani kasema tunafukuzwa?"

"Kitabu cha pili anakitaka, si ndiyo? Tumpe. Wiki sita alizokaa hapa, mistari elfu moja na hamsini. Nipe mpaka Ijumaa."

Ningependa kuwaambia nilikataa. Sikukataa. Nilimwambia afanye haraka, na asitumie kalamu moja tu. Kisha nikaongeza jambo ambalo nililiona la akili sana. Mgeni ni mwanasayansi, nikamwambia, namba za kubuni atazinusa. Nitapanda ngazi nisome geji bechi kadhaa, nione joto la kweli linachezaje, halafu wewe utaiga mchezo huo.

Yaani nilipanda kwenda kusoma ukweli ili uongo wetu utoke vizuri. Ndivyo nilivyokuwa nimefika.

Jumanne nilisoma bechi mbili, nikaandika kwenye daftari dogo la mwanangu la shule. Magoti yalilia, lakini tanki lilikuwa tanki langu lile lile, mia ishirini na moja, nukta tatu, nukta moja. Nilishuka nikiwa nimenyooka. Nikajiambia, unaona, miaka tisa hukumdhuru mtu.

Jumatano bechi ya kwanza salama, ya pili salama. Bechi ya tatu iliingia saa tano na nusu. Mstari wa kwanza mia ishirini na moja. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu, mia kumi na tisa. Nikaigonga geji kwa ukucha. Wa nne, mia kumi na sita. Nikavua miwani, nikaifuta kwenye aproni, nikaivaa tena. Wa tano, mia kumi na sita. Nikashuka ngazi mbili mbili, mimi na umri huu, nikaenda kutazama geji ya presha kule chini, nayo imelala vile vile. Niliporudi juu sindano ilikuwa inapanda, na mpaka mstari wa saba imerudi mahali pake, kimya, na mtu aliyesimama chini asingejua chochote.

Nikashuka nikafungua kitabu cha joto. Bechi ya tatu, mwandiko wa kadi ya harusi, wino umekauka tangu asubuhi: mia ishirini na moja, mistari saba.

Nilikwenda kwa fundi wa boila nikamuuliza saa tano na nusu huwa anafanya nini na mvuke wangu. "Si ndiyo saa ya mashine ya kuoshea chupa, Mama," akasema. "Nikiwafungulia wao, kwenu unapungua kidogo, halafu unarudi."

"Tangu lini?"

"Mbona zamani. Nilidhani mnajua."

Bechi ile niliifunga utepe mwekundu nikaitenga pembeni. Alhamisi asubuhi nilipofika, utepe haupo na chupa hazipo. Nikazikuta stoo, zimepangwa pamoja na nyingine, zikisubiri lori la Ijumaa mchana. Sikuwa na haja ya kuuliza nani. Nilimfuata Wifi kwenye mstari wa chupa nikamshika mkono mbele za watu.

"Umezirudisha."

"Niachie mkono," akasema polepole. "Maabara wanachukua chupa mbili kila bechi. Miaka yote hiyo wamewahi kulalamika?"

"Mbili kati ya mia nne, Wifi."

"Na wewe ulipokuwa unaniambia jaza tu, ulikuwa hujui hesabu?"

Nikamwachia. Saa tano na nusu nikapanda ngazi tena, nikimwomba Mungu jana iwe ilikuwa bahati mbaya. Mia kumi na saba. Mia kumi na sita. Nilisimama juu pale nikiitazama ile sindano na machozi yananitoka, na sikuyafuta.

Mchana ule ule mgeni akaniletea simu yake nione picha. Watu kumi na wawili wamevaa makoti meupe mbele ya tanki jipya linalong'aa, na mmoja wao ameinua kitabu. "Wamejaza kitabu cha kwanza siku ishirini mfululizo bila kosa," akasema. Alikuwa na furaha kama mzazi siku ya matokeo. "Tanki bado halijawashwa, lakini kitabu wanakijua tayari. Wanauliza kitabu cha pili kina safu ngapi."

Nilitaka kumwambia. Daktari, hakuna kitabu. Maneno manne hata hayafiki, na sikuweza. Nikamwambia safu ni nne, nikaenda zangu chooni nikajifungia.

Nyumbani mume wangu aliuliza mara moja tu. "Wewe na dada yangu mmegombana?" Nikasema kazi. Akatazama sahani yake akaacha hapo hapo, maana anajua akiingia kati atatoka bila ngozi.

Ijumaa saa nne ukumbi ulijaa. Wafanyakazi tulikaa nyuma. Wifi alikaa mbali nami viti vitatu, macho mekundu kwa kuandika, na mikono yake haikuwa na kitu. Nilimwashiria kwa kichwa, kitabu kiko wapi? Akageukia mbele.

Mameneja wa biashara walitangulia na picha zao. Kisha akasimama wa kwangu. Alizungumza vizuri, hatua moja baada ya nyingine, na kila hatua alisema "kama Mwalimu wangu alivyonifundisha". Kila aliposema hivyo watu walinigeukia wakitabasamu. Alisoma hatua ya saba. Mkaguzi wa afya akainua kichwa. Alisoma hatua ya nane. Mkaguzi akaweka kalamu chini.

"Na sasa," akasema mgeni, "ninamwomba Meneja atuonyeshe kitabu cha pili, cha joto lililotokea, ambacho kwacho cha kwanza hupimwa."

Nilimtazama Meneja nikitegemea kuona ameduwaa. Hakuduwaa. Akavuta mkoba wake, akatoa kitabu kinene chenye jalada la buluu, kona zimekunjwa vizuri na doa la chai juu yake. "Hiki hapa," akasema. "Karibu, Daktari."

Wifi alikuwa amempelekea asubuhi. Na Meneja alikipokea, akakitia mkobani, na kama aliuliza swali sijui aliuliza nini.

Mkaguzi akashusha pumzi, akachukua kalamu yake. Watu wakapiga makofi kidogo. Na mimi, nitasema kweli, nilipata nafuu. Tumepona. Nikae tu hapa hapa, vyeti vitolewe, soda zinywewe, lori liondoke, na kuanzia Jumatatu nitapanda ngazi kila siku mpaka nistaafu.

Mgeni alikuwa amekifungua kile kitabu mezani, ametoa na daftari lake. Alikuwa ananakili. Midomo yake ilikuwa inasoma polepole, kama anavyofanya siku zote kwa Kiswahili, na ukumbi wote ulimsikia. "Jumatano. Bechi ya tatu. Mia ishirini na moja. Mia ishirini na moja nukta mbili. Mia ishirini na moja..."

Nikasimama. Kiti kilianguka nyuma yangu.

"Usiandike hiyo," nikasema.

Akanyanyua macho. "Mwalimu?"

"Bechi ya tatu ya Jumatano ilishuka mpaka mia kumi na sita. Nilikuwa juu ya ngazi. Na ya jana pia." Nilitoa daftari la mwanangu kwenye mfuko wa aproni, nikaliinua. "Hakuna kitabu cha pili, Daktari. Hicho kimeandikwa wiki hii. Na cha kwanza si mpango wa joto wala nini. Ndicho hicho hicho tulichokuwa tunawaonyesha wakaguzi."

"Mama Mvuke umechoka, kaa chini," akasema Meneja. Alisema kwa sauti laini kabisa.

"Sijachoka. Bechi mbili ziko stoo na lori linatoka saa sita."

"Mwacheni aendelee," akasema mkaguzi. Alikuwa ameshasimama.

Nikaendelea. Nilisema miaka tisa, nilisema ngazi, nilisema nani alianza. "Mkono ulioandika ulifuata mdomo wangu," nikasema, "mwenye mkono msimguse." Nikasikia kiti cha Wifi kikisogea, na viatu vyake vikienda mlangoni. Sikugeuka, nilijua nikimwona nitanyamaza.

Mgeni hakuwa ameondoa macho usoni mwangu. Alipozungumza, sauti ilikuwa ya mwanasayansi, sikuwahi kuisikia kabla. "Kabla ya Jumatano, limeshuka mara ngapi?"

"Sijui."

"Kwa mwaka huu?"

"Sijui, Daktari. Hatukuwa tunatazama."

Hapo ndipo nilipoona ameelewa. Si kuhusu mimi. Alikuwa anawafikiria wale watu kumi na wawili mbele ya tanki lao.

Stoo ilifungwa kwa kufuli ya mkaguzi kabla ya saa sita, na hospitali zilipigiwa simu zisitumie chupa zilizokuwa nazo. Meneja alipanda ghorofani na mkaguzi, akashuka bila tai. Mimi niliambiwa nirudishe kitambulisho getini nisubiri barua nyumbani. Wifi alishaondoka kwa miguu. Mpaka leo hajaniamkia, na mume wangu anakwenda kwake peke yake.

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la getini, mlinzi anatafuta fomu, mgeni akaja mbio na daftari lake. Akalifungua ukurasa wa hamsini na saba. Hatua ya saba na ya nane zilikuwa zimekatwa kwa mstari, na chini yake ameandika upya: Hatua ya saba, panda ngazi.

"Lazima niwatumie leo," akasema. "Naomba saini yako, Mwalimu." Kisha sote wawili tukatazama chini ya ukurasa. Saini yangu ilikuwepo tayari, na tarehe ya siku ya kwanza.

Nikaikata. Nikasoma ukurasa wote, kisha nikasaini chini yake na tarehe ya Ijumaa ile. Alinyoosha mkono kuchukua daftari lake.

"Ngoja kwanza," nikamwambia, nikalifungua ukurasa wa kwanza. "Kaa."

Akakaa. Mlinzi alisema fomu imepatikana, nikamwambia na yeye asubiri. Nikavaa miwani nikaanza kusoma.